Jumanne hadi Alhamisi: tulivyomzika baba mkubwa kijijini Muleba

Baba mkubwa alifariki alfajiri ya Jumanne moja ya Julai 2024, nyumbani kwake, katika kijiji cha milimani wilayani Muleba, mkoa wa Kagera. Alikuwa na miaka 81, na kwa miaka mitatu kiharusi kilikuwa kimemlaza. Shangazi ndiye aliyenipigia, saa kumi na moja kasoro robo, mimi nikiwa Bukoba mjini. Hakulia kwenye simu. "Kaka yangu ametuacha," alisema. "Wewe ndiye uliye karibu. Njoo."

Kabla jua halijatoka nilishapiga simu sita: kwa kaka yangu wa Dar es Salaam, mtoto wa kwanza wa marehemu, kwa muuza majeneza, kwa mwenye gari, kwa mtu wa mochwari, kwa mwenye mahema na viti, na kwa mwalimu mwenzangu anishikie vipindi. Mjini zote zingekuwa simu za maana. Kijijini kulikuwa na mtu mmoja aliyepaswa kuambiwa kwanza, na huyo sikumpigia kwa sababu sikujua kama yupo. Ndiyo sababu nakiandika kisa hiki, kwa ajili ya wenzangu ambao wazee wao wako kijijini na maisha yao yako mjini.

"Mpelekeni mochwari," kaka alisema, "tuzike Jumamosi." Sikumlaumu na simlaumu leo. Alitaka amwone baba yake, alitaka wadogo zake wafike, na ndivyo msiba unavyokwenda Dar: mwili unahifadhiwa, kamati inakaa, michango inaingia kwenye simu, mwisho wa wiki mnazika. Lakini mpango huo wote umesimama juu ya jokofu. Zahanati yetu haina chumba cha maiti. Hospitali ya karibu, kama kilomita 40 za vumbi na kona, chumba inacho, ila asubuhi ile jokofu lilikuwa bovu. Wangepokea mwili kwa sharti la kuuchoma dawa na tuuondoe kesho yake. Zaidi ya hapo ni kuupeleka Bukoba, zaidi ya saa mbili kwa gari, kisha kuurudisha kwa njia ile ile.

Akatokea pia mtu, sijui namba yangu aliipata wapi, akasema yuko tayari kuja na pikipiki na dawa yake, amchome marehemu sindano pale pale nyumbani, shilingi 150,000. Nilikataa, na ningekataa hata leo. Dawa hiyo ni fomalini. Ni sumu inayochoma macho na kifua, na hao wanaotuhudumia mochwari huishika wakiwa na glavu, barakoa na chumba chenye hewa. Nyumba ya mama mkubwa ina vyumba vitatu, na katika kimoja walikuwa wamelala wajukuu.

Nilifika saa mbili na nusu asubuhi. Kitu cha kwanza kilichonishtua hakikuwa kilio, kilikuwa uwanja mtupu. Kwetu nyumba ikipatwa na msiba, mgeni huitambua kutoka mbali kwa wingi wa watu. Pale palikuwa na shangazi, mama mkubwa, wakwe zake wawili na jirani mmoja mzee aliyekaa kwenye gogo kimya. Shangazi akanishika mkono akanivuta pembeni.

"Umemwambia katibu?"

"Katibu gani, shangazi?"

Akanitazama kwa muda. "Wa bujuni, mwanangu. Nani mwingine?"

Bujuni ni chama cha kufa na kuzikana. Asiyekulia Uhayani anaweza kudhani ni michango ya majirani tu, lakini bujuni ina orodha ya wanachama, kiingilio, ada, viongozi, na faini kwa anayekosa kufika msibani. Watafiti wa uchumi waliofuatilia maisha ya kijiji cha Nyakatoke, Bukoba Vijijini, mwaka 2000, walivilinganisha vyama kama hivi na vile Waethiopia wanavyoviita iddir, wakaona kwamba pande zote mbili watu wa kijijini wamejitengenezea bima ya mazishi yenye kanuni zake. Mimi nasema ndiyo huduma ya mazishi yenyewe. Kaburi, chakula cha waombolezaji, kuni, maji, masufuria makubwa, turubai, watu wa kulala na wafiwa, vyote vinatoka humo. Ukitafuta duka la vitu hivyo kijijini hulipati, kwa kuwa halijawahi kuhitajika.

Wazee wanakumbuka jinsi vyama hivi vilivyokazwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walibainika Kagera mwaka 1983, na miaka iliyofuata kuna vijiji vilivyozika hadi watu wakachoka. Kwa maneno ya shangazi, ulikuwa unatoka msiba mmoja jembe lina udongo mbichi unaingia mwingine. Matanga yakafupishwa, maana migomba ilikuwa inakufa kwa kukosa mikono. Kanuni zikaandikwa ili mzigo usiwaangukie wale wale kila siku. Kwa hiyo leo ukikuta daftari la bujuni limeshikiliwa kwa ukali, ukali huo una historia.

Na baba mkubwa hakuwa kwenye daftari.

Aliondoka kijijini mwaka 2015 kwenda Mwanza kwa binti yake, akarudi Julai 2021 akiwa ameshapooza upande mmoja. Aliporudi hakuna aliyefikiria kumwandikisha upya. Mama mkubwa, ambaye hakuhama, alikuwa mwanachama wa bujuni ya wanawake na hakuwahi kukosa. Lakini ya wanaume, ile inayochimba kaburi na kubeba jeneza, inaandika kaya kwa jina la mume. Jina lake lilikuwa limepigwa mstari.

Nilipomweleza kaka kwa simu, alijibu kama ambavyo ningejibu mimi saa mbili kabla. "Tafuta vijana wanne, nitawalipa. Elfu hamsini kila mmoja." Nilikwenda kwa katibu nikiwa na ofa hiyo mdomoni. Ni mzee mwenye kofia ya sufi, nilimkuta anapogoa kahawa zake. Alinisikiliza hadi mwisho, akaweka kisu chini. "Pole sana, waitu," alisema. "Lakini humu kaburi haliuzwi. Kijana atakayepokea hela yako, akifiwa yeye atachimbiwa na nani?"

Kaka alikuwa na fedha za kutosha kununua mazishi yote, na hakukuwa na wa kumuuzia.

Kamati ilikaa saa nne, chini ya mwembe nyuma ya kigango, wanaume saba na wanawake watatu. Daftari lenyewe ni kaunta buku la kwaya nne lililofunikwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji, na kona zake zimelainika kama kitambaa. Katibu alilifungua akasoma. Hakusoma madeni kwanza, alisoma misiba: jina la marehemu, tarehe, nyumba zilizofika, nyumba zilizokosa. Tangu Julai 2021 ilikuwa misiba 34. Kila alipotaja mmoja, mtu kati ya waliokaa alitikisa kichwa, kwa sababu alikuwa wa kwake. Nilielewa hapo kwamba nilikuwa nimekuja kuomba kitu ambacho wenzangu walikuwa wamekilipia mara 34.

Nilisema tulichokuwa nacho cha kusema. Kwamba alikuwa amepooza, hawezi kushika jembe. Mmoja akajibu, kwa upole, kwamba wana wanachama wawili vipofu na mmoja asiye na mguu, na kaya zao hutuma mtu. Hilo sikuwa na jibu lake. Baba mkubwa alikuwa na watoto watano wenye kazi na mishahara, na katika miaka mitatu hakuna aliyetuma hata mkungu kwa jina lake.

Aliyetuokoa ni mwenyekiti wa wanawake. Alisimama, akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akasema: "Mke wake amekuja kwenye misiba hiyo yote 34, na mkungu wake kichwani. Mimi na wenzangu tunakwenda kumpikia sasa hivi. Ninyi wanaume kaeni muamue kama mtachimba." Akaondoka, na wenzake wawili wakamfuata.

Wanaume walinong'ona kidogo. Uamuzi ulikuwa huu: ada ya miezi 36, shilingi elfu moja kila mwezi; kiingilio cha kurudi 20,000; faini 40,000. Jumla 96,000. Na sharti moja lisilo la fedha: mtoto mkubwa wa marehemu, akifika, asimame mbele ya watu kabla ya mazishi, ajitaje, na aseme nani atasimama kwa niaba ya nyumba hiyo kuanzia siku hiyo. Nililipa pale pale. Jeneza nililoulizia alfajiri peke yake lilikuwa 850,000.

Saa sita kasoro kijana akapita na pikipiki na kipaza sauti katika vitongoji vyote. Haikufika saa moja uwanja ukajaa. Mikungu ilipangwa ukutani kama matofali, kuni upande wa pili, ndoo za maji mstari mmoja. Mtu alikuja na taa ya sola, mwingine na chumvi tu. Waislamu wa kitongoji cha chini walileta turubai la msikiti na wakabaki kutusaidia kulifunga. Wao hawana shida ya jokofu wala ya ukubwa wa jeneza: humwosha maiti wao, humvika sanda, vipande vitatu kwa mwanamume na vitano kwa mwanamke, humbeba kwa jeneza la msikiti ambalo hurudi msikitini, na kwa kawaida siku ya pili haiwakuti.

Tarehe ilikuwa imeshapangwa na shangazi: Alhamisi saa nane. Alihesabu kwa vidole mbele yangu. Kaka hakupata ndege ya Bukoba, zilikuwa zimejaa, lakini ya Mwanza ilikuwepo Jumatano asubuhi. Kutoka Mwanza ni barabara hadi Kigongo, kivuko hadi Busisi, kisha Sengerema, Geita, Biharamulo, Muleba. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025. Siku zile ulikuwa unaona nguzo zake majini huku umekwama kwenye foleni ya kivuko. Hata foleni ikimchelewesha angefika Jumatano usiku. Alhamisi angekuwa na asubuhi nzima na baba yake.

Siku mbili na nusu bila jokofu zinawezekana kwenye baridi ya Julai ya milimani kwetu, lakini mwili lazima utunzwe kwa bidii. Shangazi alikuwa ameshafanya ya kwanza kabla sijafika: alimfumba macho, akamfunga kidevu kwa kitambaa, akanyoosha mikono na miguu. Hilo halingoji mtu wa kutoka mjini, maana mwili huanza kukakamaa ndani ya saa chache, na ukishakakamaa vibaya jeneza nalo litasumbua. Kabla ya kumwosha tulimwita muuguzi wa zahanati. Tangu Machi 2023, Marburg ilipotangazwa Kagera na kuua watu sita, hatuoshi maiti kijijini bila kuuliza kwanza alikuwa anaumwa nini. Muuguzi aliyajua maradhi ya mzee, akaruhusu, akatuachia glavu na kutuelekeza namna ya kuchanganya klorini ya kusafishia sakafu na beseni.

Chumba kilichochaguliwa ni cha nyuma, kisichopigwa na jua. Wanaume walikata migomba miwili iliyokwisha kuzaa, wakailaza magogo yake sambamba sakafuni, juu yake mkeka na shuka. Ukigusa gogo la mgomba lililokatwa sasa hivi ni baridi, limejaa maji, na hubaki hivyo kwa saa nyingi. Waliyabadilisha jioni, alfajiri, na jioni tena. Wanawake wawili walikaa humo kwa zamu na majani ya mchaichai, mlango ukafunguliwa usiku na kufungwa mchana. Nilikaa nao zamu ya Jumanne usiku. Hakukuwa na harufu isipokuwa ya mgomba.

Jeneza tulimpa seremala wa kijijini. Alikuja na unyasi mmoja mrefu, akaulaza pembeni ya marehemu kutoka utosini hadi kisiginoni, akaukata. Mwingine akapima mabega, akaukata. Alinakili vipimo hivyo kwa jozi nyingine ya nyasi, hiyo akawapa wachimbaji. Alikuwa na mbao za paini zilizokauka tangu kiangazi kilichopita. Jumatano mchana jeneza lilikuwa limepigwa msasa na vanishi, ndani kitambaa cheupe, 240,000. Nilifurahi baadaye kwamba lile la mjini halikuja: nilipopima mlango wa nyumba ile ya zamani, lingepita kwa kulalishwa ubavu, na hakuna mwana anayepaswa kuona baba yake akitolewa hivyo.

Kaka alifika Jumatano saa tano usiku. Aliingia chumba cha nyuma peke yake, akakaa humo hadi karibu alfajiri. Alipotoka aliniuliza ni nani aliyemnyoa baba ndevu. Nilimwambia ni yule jirani mzee aliyekuwa amekaa kwenye gogo. Asubuhi alimtafuta.

Kaburi lilianza kuchimbwa Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi, kwenye kibanja, upande wa juu, mbali na chemchemi. Futi tatu za kwanza ni udongo mweusi laini, kisha ni mawe mekundu yanayotaka sururu. Vijana walipokezana wanne wanne, na kaka aliomba sururu, akapewa zamu. Alitaka siku hiyo hiyo tujengee kwa saruji na vigae. Wakamshauri asubiri, kwa sababu udongo wa kaburi jipya hushuka na mvua za vuli zikipita kila kilichojengwa juu hupasuka. Tulijengea mwaka uliofuata.

Saa nane kasoro alisimama mbele ya watu. Alitaja jina lake na la babu yake, akasema atakayesimama kwa nyumba hiyo ni yeye, na kwamba akiwa mbali mwana wa shangazi atashika jembe na yeye atalipa ada. Katibu akaandika akiwa amesimama, kaunta buku limelazwa juu ya mkono wa mtu mwingine. Padri alikuwa na ibada kigango kingine, hivyo katekista ndiye aliyezika, na alizika vizuri.

Mdogo wetu wa mwisho hakuwahi. Anafanya kazi Dubai na ruhusa yake ilitoka Ijumaa. Alilitazama kaburi la baba yake kwenye simu niliyoishika mimi, mtandao ukikatika kila dakika mbili. Shangazi alilijua hilo alipopanga Alhamisi, na ninajua lilimuuma. Nimeliwaza sana. Jumamosi ingempa huyo mmoja nafasi, lakini ingetaka mwili uende Bukoba na kurudi, na kijiji kizima kilale matanga siku mbili zaidi, kikiacha mashamba. Bado nadhani shangazi alichagua sawa. Mdogo wetu hadhani hivyo, na sina neno la kumwambia.

Kwenye karatasi tuliteleza, tena kwa uzembe wangu. Kifo cha nyumbani huripotiwa kwa mtendaji wa kijiji, na ndiye aliyetupa kibali cha mazishi Jumatano. (Kingekuwa kifo cha ghafla au chenye utata, tungeanzia polisi.) Aliniuliza jina la marehemu, nikamtajia lile tulilozoea, la ubatizo na la Kihaya. Kwenye kitambulisho cha NIDA kulikuwa na majina matatu, na la katikati limeandikwa kwa herufi tofauti. Kwenye kadi ya benki, mawili. Kifo kinatakiwa kuandikishwa ndani ya siku 30, na cheti cha kifo cha RITA hutolewa kwa jina lililoandikwa. Tulikipata mapema. Kisha shauri la mirathi lilipofika Mahakama ya Mwanzo, na muhtasari wa kikao cha ukoo ukiwa umekamilika, hakimu akauliza kama marehemu wa kwenye cheti na mwenye akaunti ni mtu mmoja. Ilituchukua hati ya kiapo, safari nne na miezi mitano. Kitambulisho kilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda, hatua sita kutoka nilipokuwa nimesimama na mtendaji.

Baada ya kuanua matanga sikurudi Bukoba moja kwa moja. Nilipitia kwa mama yangu, kijiji cha tatu kutoka pale, nikamwomba anipeleke kwa katibu wao. Baba yangu alifariki mwaka 2009. Kwenye daftari nyumba yetu bado ilikuwa kwa jina lake, na mbele yake mtu alikuwa ameandika kwa penseli, miaka mingi iliyopita, "watoto?" Niliomba liandikwe jina langu. Katibu alisita, maana mimi ni binti, akauliza atakayechimba ni nani. Nikamtaja mtoto wa mjomba anayekaa na mama. Akafuta ile penseli kwa kidole, akaandika kwa kalamu ya wino, akachukua namba yangu ya simu.

Jumapili ya pili yake simu ikalia saa moja asubuhi. Kitongoji cha juu, mama wa watu saba. Nilimpigia mtoto wa mjomba achukue jembe, na mama akaniambia mkungu ameshakata.